Lugha, Mpaka na Mahakama: Kiswahili katika Mashauri Yanayovuka Mipaka ya Nchi



1.0 Utangulizi

Mtu asafiriye kutoka Moshi kwenda Voi huvuka mpaka wa Tanzania na Kenya mahali ambapo upande mmoja panaitwa Holili na upande wa pili Taveta. Katika safari hiyo lugha haibadiliki. Muuza ndizi wa Holili na mnunuzi wa Taveta huelewana bila mkalimani, hukopeshana, huoana na huzikana. Kinachobadilika ni sheria. Hatua chache baada ya kuvuka, mkopo, ndoa na urithi wa mtu yuleyule huwa chini ya bunge jingine na mahakama nyingine.

Kwa kawaida sisi wanaisimu huyaachia mambo hayo watu wa sheria. Jioni ya leo ninaomba ruhusa ya kuingia katika uwanja wao, si kwa ajili ya kuwafundisha kazi yao, bali kuonyesha kwamba sehemu ya kazi hiyo ni yetu. Nitaeleza kwanza jinsi mahakama zinavyoshughulikia shauri lenye kugusa nchi zaidi ya moja. Kisha nitadai kwamba ndani ya utaratibu huo limejificha swali la lugha ambalo haliulizwi kwa uwazi, ingawa jibu lake huweza kuamua nani apate shamba na nani aondoke mikono mitupu. Mwisho nitapendekeza mambo machache ambayo vyuo vyetu vinaweza kuyafanya.

2.0 Maswali Matatu ya Mahakama

Tawi la sheria linaloshughulikia mashauri ya namna hii huitwa mgongano wa sheria. Jina hilo lisitutishe. Mahakama iliyoletewa shauri lenye mguu mmoja ndani ya nchi na mwingine nje hujiuliza maswali matatu, moja baada ya jingine: Je, sisi tuna mamlaka ya kulisikiliza shauri hili? Kama tunayo, tutumie sheria ya nchi gani? Na kama tayari mahakama ya nchi nyingine imekwisha kuamua, je, uamuzi wake una nguvu kwetu?

2.1 Swali la mamlaka

Mamlaka ya mahakama hutokana na uhusiano uliopo baina ya shauri na nchi: mdaiwa anaishi humo, mkataba ulifungwa au ulivunjwa humo, mali imo humo, au wadaawa wenyewe walikubaliana kwamba mgogoro wao utapelekwa humo. Palipo na uhusiano na nchi mbili, mahakama huweza kujiuliza ni wapi panapofaa zaidi kwa haki kutendeka.

Mfano ulio wazi ni wa majirani zetu wa Zambia. Wakazi 1,826 wa eneo la Chingola walifungua shauri nchini Uingereza dhidi ya kampuni ya Vedanta na kampuni yake tanzu ya Zambia, wakidai kwamba mgodi wa shaba ulichafua maji waliyoyategemea. Aprili 2019, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikiri kwamba kwa vigezo vya kawaida Zambia ndipo palipokuwa mahali panapofaa, kwa kuwa ardhi, maji, mashahidi na madhara vilikuwa huko. Hata hivyo, iliruhusu shauri liendelee Uingereza kwa sababu palikuwapo hatari ya kweli kwamba wadai, ambao walikuwa watu maskini, wasingeweza kupata huko fedha na mawakili wa kulimudu shauri kubwa kama hilo. Wadaawa walipatana mwaka 2021. Tunachojifunza ni kwamba kijiografia mahakama inaweza kuwa mbali na mdai, na bado ikawa ndiyo iliyo karibu zaidi na haki yake.

Katika jinai swali hili huwa kali zaidi, na Mombasa imelishuhudia. Mwaka 2009 washukiwa 9 wa uharamia walikamatwa katika Ghuba ya Aden na kupelekwa Mombasa kushtakiwa. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilikuwa na kifungu kilichotaja uharamia katika maji ya nchi au katika bahari kuu. Wakati huohuo kifungu kingine cha sheria hiyohiyo kilisema kwamba mamlaka ya mahakama yanaenea kila mahali ndani ya Kenya, pamoja na maji yake. Novemba 2010 Mahakama Kuu ya Mombasa iliona kwamba kifungu hiki cha pili ndicho kilichoweka ukomo, na kwamba mahakama ya hakimu haikuwa na mamlaka juu ya tendo lililofanyika nje ya maji ya Kenya. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikautengua uamuzi huo, kwa hoja kwamba uharamia ni kosa ambalo kila taifa lina mamlaka ya kuliadhibu, popote litendekapo. Mtaona kwamba majaji walikuwa na maneno yaleyale mbele yao. Walitofautiana katika jinsi ya kuyasoma kwa pamoja, na hiyo ni kazi ya semantiki kabla haijawa kazi ya hukumu.

2.2 Swali la sheria itakayotumika

Mahakama kuwa na mamlaka hakuna maana kwamba ni lazima itumie sheria ya nchi yake. Jambo hili huwashangaza wengi. Jaji wa Nairobi anaweza kuketi Nairobi na kuamua sehemu ya shauri kwa sheria ya Tanzania. Mfano mzuri umo katika Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160. Kifungu cha 4 kinasema kwamba mali isiyohamishika iliyoko Kenya hurithiwa kwa sheria ya Kenya, bila kujali maskani ya marehemu yalikuwa wapi. Mali inayohamishika, kama fedha zilizo benki, mifugo na magari, hufuata sheria ya nchi ambamo marehemu alikuwa na maskani yake alipofariki. Marehemu mmoja, basi, anaweza kurithiwa kwa sheria mbili.

Jaji atazijuaje sheria za nchi nyingine? Mbele ya mahakama zetu, zilizorithi taratibu za Kiingereza kupitia India, sheria ya kigeni huhesabiwa kuwa jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi. Huletwa mtaalamu, naye huulizwa maswali kama shahidi mwingine. Sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania, ambazo zina asili moja katika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, zinaiweka sheria ya kigeni katika fungu moja na sayansi na utambuzi wa mwandiko.

Tena mipaka ya sheria si lazima iwe mipaka ya nchi. Ndani ya Jamhuri ya Muungano, Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na mahakama zake za kadhi. Tanzania Bara haina mahakama za kadhi za dola, bali sheria ya Kiislamu katika mambo ya ndoa na mirathi huweza kutumiwa na mahakama za kawaida. Kenya, kwa ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010, ina mahakama za kadhi kwa Waislamu wanaokubali kupeleka mashauri yao huko. Familia moja ya Kiislamu yenye watoto Mombasa, Tanga na Unguja inasema lugha moja na inafuata dini moja, lakini mirathi yao inaweza kupita katika milango mitatu tofauti.

2.3 Swali la hukumu ya ugenini

Hukumu ni amri ya dola, na dola haiamrishi nje ya mipaka yake. Aliyeshinda shauri Dar es Salaam na kukuta kwamba mali yote ya mshindwa iko Nairobi ana karatasi tu mkononi, mpaka mahakama ya Kenya ikubali kuipa nguvu. Kwa ajili hiyo Kenya ina Sheria ya Hukumu za Kigeni, Sura ya 43, ya mwaka 1984. Hukumu ya fedha iliyotolewa na mahakama za juu za nchi zilizotajwa humo, zikiwamo Tanzania, Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia na Uingereza, huweza kusajiliwa katika Mahakama Kuu ndani ya miaka 6, na ikisha kusajiliwa hutekelezwa kana kwamba ilitolewa Kenya. Kwa nchi zisizotajwa njia ni ndefu zaidi: mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilithibitisha kwamba hata hukumu hizo zaweza kudaiwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Kiingereza, kwa kufungua shauri jipya.

Usajili huo si wa kupiga mhuri tu. Mahakama hutazama kama mahakama ya kwanza ilikuwa na mamlaka, kama palikuwa na udanganyifu, na kama misingi ya haki ya asili ilizingatiwa, yaani kama mshindwa alipewa taarifa na nafasi ya kusikilizwa. Ninaomba tulishike neno hilo, kusikilizwa, kwa maana nitalirudia.

3.0 Swali la Nne

Nimeyataja maswali matatu ambayo kila mwanafunzi wa sheria huyajua. Ninaongeza la nne: shauri likivuka mpaka, neno la shahidi linavuka kwa chombo gani, nalo linafika likiwa zima au limevunjika?

Mahakama iliyolikabili swali hili kwa uwazi ilikuwa hapa kwetu Arusha, nayo ni Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufunga kazi zake mwaka 2015. Lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Maneno yao yalitafsiriwa kwenda Kifaransa, na kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, kisha swali likarudi kwa njia hiyohiyo.

Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, ambayo ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, majaji walitenga sehemu nzima kueleza ugumu wa kukitafsiri Kinyarwanda. Walimsikiliza mwanaisimu, Dkt. Mathias Ruzindana, juu ya maana za maneno kama inkotanyi, inyenzi na ibyitso, kwa kuwa maana ya kamusi peke yake haikutosha: ilibidi kujua nani alilisema, wapi, lini na mbele ya nani. Hali kadhalika walichunguza vitenzi ambavyo mashahidi walivitumia kueleza ubakaji. Mmojawapo ni gufata ku ngufu. Msikilizaji wa Kiswahili anasikia humo nguvu yake mwenyewe, lakini vitenzi vingine vilikuwa vya staha, vyenye kusitiri tendo. Mahakama ilipaswa kuamua kama shahidi aliyechagua neno la staha alikuwa akisema juu ya kulala na mtu kwa hiari au juu ya jinai. Kwa hukumu hiyo ubakaji ulitambuliwa kwamba unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Ni dhahiri kwamba utambuzi huo usingewezekana kama vitenzi vile vingetafsiriwa kwa haraka.

Majaji wale walijua kwamba hawakijui Kinyarwanda, na kwa hiyo walikuwa na hadhari. Hatari ya Kiswahili katika mahakama zetu ni ya namna nyingine. Mara nyingi hakimu, wakili na shahidi wote wanakijua Kiswahili. Shahidi anasema kwa Kiswahili, hakimu anasikia kwa Kiswahili, na mkono wake unaandika kwa Kiingereza. Hakuna mkalimani, hivyo hakuna anayehesabu kwamba tafsiri imefanyika. Kumbukumbu ikifika mahakama ya rufani au mahakama ya nchi nyingine, hukutwa maneno ya Kiingereza ambayo shahidi hakuyatamka kamwe.

4.0 Kauli ya Kitenzi na Fungu la Binti

Niruhusuni nitumie mfano wa kubuni, ambao sheria zake si za kubuni. Mzee mmoja alizaliwa Taveta. Katika ujana wake aliajiriwa na kampuni ya usafirishaji, akapelekwa Arusha, akaishi huko miaka 35, akafia huko bila wosia. Ameacha shamba Taveta, fedha katika benki ya Nairobi, mtoto wa kiume na binti. Shauri la mirathi limefunguliwa Kenya.

Shamba halina tatizo: liko Kenya, nalo litafuata sheria ya Kenya, ambayo katika urithi usio na wosia haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike. Tatizo ni fedha. Zitafuata sheria ya maskani ya marehemu. Kama maskani yake yalibaki Kenya, binti anapata sawa na kaka yake. Kama yalikuwa Tanzania, mahakama itaitazama sheria ya Tanzania, na ikionekana kwamba sheria inayomhusu mzee huyo ni ya mila, itakutana na kanuni zilizotangazwa rasmi mwaka 1963, ambazo ziliwapanga warithi kwa madaraja matatu: mtoto wa kiume mkubwa daraja la kwanza, wengine wa kiume la pili, na mabinti la tatu. Ni kweli kwamba wakili wa binti anaweza kudai kuwa kanuni hiyo isitumike Kenya kwa kuwa inapingana na usawa uliomo katika Katiba. Lakini hapo haki yake imekwisha kuhama, kutoka kuwa jambo lisilo na ubishi hadi kuwa jambo la kubishaniwa kwa gharama.

Maskani ni nini? Si mahali mtu anapolala tu. Kwa mujibu wa sheria hii yenye asili ya Kiingereza, ambayo Kenya imeiandika katika Sura ya 37, mtu huzaliwa na maskani, naye huyabadili pale anapokwenda kuishi nchi nyingine kwa nia ya kuifanya makao yake ya kudumu. Miaka 35 peke yake haitoshi. Lazima iwepo nia. Na kwa kuwa nia ya marehemu haiwezi kuulizwa, huulizwa maneno ya waliomfahamu.

Sasa msikilizeni shahidi. Anaweza kusema, “Marehemu alihamia Arusha.” Au, “Marehemu alihamishiwa Arusha.” Mzizi ni mmoja, -ham-. Katika tungo ya kwanza tuna kauli ya kutendea: mtendaji ni marehemu mwenyewe, na Arusha ndipo alipokusudia kufika. Katika tungo ya pili pamekusanyika kutendesha, kutendea na kutendwa: yuko mwingine aliyemhamisha, ambaye hatajwi, na marehemu ni mtendwa. Tungo ya kwanza inaelekea upande wa nia. Ya pili inaelekea upande wa amri ya mwajiri. Hapo ndipo penye mzozo wa kisheria, na Kiswahili kimeliweka jambo hilo ndani ya mnyambuliko wa kitenzi kimoja. Mwandishi wa kumbukumbu mwenye haraka ataandika tungo zote mbili kwa Kiingereza kwa sentensi moja isemayo kwamba alikwenda kukaa Arusha. Nia imefutika, na hakuna aliyeona ikifutwa.

Chukueni tena neno kwetu. Mashahidi watasema kwamba mzee kila mara alikuwa akisema, “Kwetu ni Taveta.” Likitafsiriwa kama nyumbani kwake, litakuwa ushahidi mzito kwamba alikusudia kurudi. Lakini Mswahili akisema kwetu hasemi kwangu. Kimilikishi ni cha wingi, na wingi huo ni wa ukoo: wazazi, makaburi, jamaa. Mtu aliyejenga Arusha, akaoa Arusha na kununua hata mahali pa kuzikwa Arusha, bado atasema kwetu ni Taveta, wala hatakuwa mwongo. Kwa hiyo neno hilo peke yake halithibitishi nia ya kurejea. Linathibitisha asili.

Mtaona kwamba mifano hii miwili inavuta pande mbili. Alihamishiwa likihifadhiwa, linamsaidia binti. Kwetu likielezwa sawasawa, linampunguzia nguvu. Ninaitaja yote miwili kwa makusudi. Mwanaisimu hapelekwi mahakamani ili binti ashinde. Anapelekwa ili yeyote atakayeshindwa ashindwe kwa maneno yaliyosemwa kweli.

Mifano mingine ni mingi, nami nitaipitia kwa ufupi. Ndugu huweza kuwa wa tumbo moja, wa baba mdogo, au wa kijiji. Katika mirathi tofauti hizo ni fungu zima. Azima na azimisha, kodi na kodisha, huchanganywa katika mazungumzo ya kila siku, na mkataba wa mdomo unapobishaniwa huwa haijulikani nani alikuwa mwenye mali. Dhamana kwa mshtakiwa ni ruhusa ya kuwa nje, kwa benki ni mali iliyowekwa rehani, kwa muuzaji ni ahadi juu ya ubora wa bidhaa, na kwa kiongozi ni wajibu aliokabidhiwa. Mfanyabiashara wa Kampala aliyeandikiwa na mwenzake wa Mombasa, “nitakupa dhamana,” ana haki ya kuuliza ni ipi.

5.0 Hukumu ya Kiswahili Mbele ya Mahakama ya Kiingereza

Nije sasa kwenye jambo jipya kiasi. Kwa miaka mingi Kiswahili kilikuwa lugha ya mahakama za mwanzo Tanzania, na Kiingereza lugha ya kumbukumbu za mahakama za juu. Mwaka 2021, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale ambapo maslahi ya haki yanakihitaji. Wengi wetu tulishangilia, na ilistahili.

Lakini fuateni safari ya hukumu hiyo. Mdai ameshinda katika Mahakama Kuu ya Tanzania, na hukumu imeandikwa kwa Kiswahili. Mali ya mdaiwa iko Kenya. Hukumu inapelekwa Nairobi kusajiliwa chini ya Sura ya 43. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Kenya, kifungu cha 86, inasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ni Kiingereza, na kwamba mahakama za chini zinaweza kutumia Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Hata hivyo utaratibu wa mahakama haujaifikia Katiba. Matokeo yake ni kwamba hukumu ya Kiswahili, iliyotoka nchi ya Kiswahili kwenda nchi ambayo Kiswahili ni lugha rasmi, lazima ivae Kiingereza ndipo ieleweke rasmi na jaji ambaye angeweza kuisoma bila tafsiri.

Mtu aweza kusema: kifungu kibadilishwe, na tatizo litakwisha. Halitakwisha lote. Kiswahili cha mahakama za Tanzania na kile cha Kenya vimekulia katika nyumba mbili. Tanzania husema mlalamikaji, Kenya hupendelea mlalamishi. Tanzania ina rufani na rufaa, na huwaita wanaobishana wadaawa. Wasikilizaji wengi wa Kenya wangesema pande husika. Mshindi wa shauri Tanzania hupeleka maombi ya kukazia hukumu. Mkenya asiyelijua neno hili atadhani hukumu inaongezwa ukali, kumbe ni kutekelezwa tu. Tofauti hizi si aibu. Kila lugha kubwa inazo. Lakini katika hati ambayo kwayo nyumba ya mtu itauzwa na dalali wa mahakama, neno moja lenye masikio mawili ni hatari.

Hali katika ngazi ya Jumuiya inafanana na hiyo. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Ibara ya 137 iliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na kusema kwamba Kiswahili kitaendelezwa kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Ibara ya 46 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mkataba huohuo, katika ibara ya 30, unampa mkazi wa nchi mwanachama haki ya kuishtaki nchi mbele ya mahakama hiyo, kwa sharti kwamba afanye hivyo ndani ya miezi 2. Tafakarini maana yake kwa mvuvi wa Kigoma au mfanyabiashara mdogo wa Bukavu, kwa kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo imo katika Jumuiya tangu 2022. Ana miezi miwili ya kujua kwamba haki yake imevunjwa, kumpata wakili na kulitia lalamiko lake katika lugha asiyoijua. Mlango uko wazi, ila kizingiti chake ni kirefu.

6.0 Hitimisho

Nilisema kwamba nitalirudia neno kusikilizwa. Mahakama hukataa kuitambua hukumu ya ugenini iliyotolewa dhidi ya mtu ambaye hakusikilizwa. Katiba ya Kenya inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Misingi hii ni mizuri, lakini inalinda masikio ya mtu kuliko ulimi wake: inahakikisha kwamba ameelewa yaliyosemwa, wala haihakikishi kwamba alichosema yeye kimeandikwa kama alivyokisema.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu, ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, pale ushahidi unapohusu nia, ujamaa au ahadi, maneno ya shahidi yaandikwe kwa Kiswahili kama yalivyotamkwa, na tafsiri iwekwe kando yake. Jaji wa rufani, au wa nchi nyingine, ataweza kuvitazama vyote viwili. Pili, vyuo vyetu vya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo vikusanye kwa pamoja istilahi za mahakama jinsi zinavyotumika kweli, kila nchi na neno lake, bila kulazimisha moja lifute jingine. Msajili wa Nairobi akilikuta neno kukazia, ajue pa kulitafuta. Tatu, ukalimani wa mahakamani ufundishwe kama taaluma, pamoja na mofolojia na pragmatiki, ili mkalimani ajue kwamba kiambishi kinaweza kubeba fungu la mirathi.

Kwa wanafunzi walioko hapa nina neno moja. Huwa mnatuuliza, tena kwa haki, minyambuliko ya vitenzi mnayoichambua ubaoni itawafaa nini mkitoka chuoni. Siku moja mmoja wenu ataitwa mahakamani aeleze tofauti ya alihamia na alihamishiwa. Mbele yake atakuwa amekaa binti anayesubiri kujua kama fedha za baba yake zinamhusu. Mtu huyo na awe tayari, kwa sababu wakati huo hapatakuwa na nafasi ya kwenda kufungua vitabu.